Ampli ndogo ya betri: historia ya kifaa kinachobeba mawe ya Masisi na Walikale

MASISI / WALIKALE – Katika kambi za waliohama vita, na katika nyumba za familia zilizowapokea wageni, redio moja huhudumia watu wengi. Baba anataka habari za barabara ya Sake, mama anangoja tangazo la usambazaji wa chakula, mtoto amelala, na jirani wa ukuta wa bache hataki kelele. Wengi wanaweka simu au redio sikioni na kupunguza sauti. Anayesikia ni mmoja, na wengine wanangoja awasimulie.

Kuna kifaa kidogo kinachoweza kulegeza shida hiyo. Ni ampli ya ekuteri, yaani kikuza sauti kwa ajili ya vipokea sauti vya masikioni, kinachotumia betri na kuingia mfukoni. Nchi za mbali vijana wanakitengeneza kama mchezo wa mwisho wa juma. Hapa kwetu fundi wa redio anaweza kukiunganisha kwa vipande vya redio iliyokufa. Historia yake inatuhusu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu sehemu ya madini yaliyomo ndani yake hutoka katika vilima vya Masisi na misitu ya Walikale.

Ampli inafanya nini

Watu wengi wanafikiri ampli inachukua sauti ndogo na kuivuta iwe kubwa. Sivyo. Sauti inayoingia ni umeme mdogo sana, na haina nguvu ya kusukuma kitu. Nguvu yote inatoka kwenye betri. Sauti ndogo inafanya kazi ya mkono juu ya robine: mkono hautoi maji, unaamua tu maji mengi au machache yapite. Maji ni umeme wa betri. Ampli nzuri ni ile inayofuata mkono kwa uaminifu bila kumwaga maji bure.

Kwa hiyo, tangu mwanzo, anayebuni ampli ya kubeba anajiuliza swali moja: betri itadumu muda gani? Historia yote ya kifaa hiki ni majibu ya swali hilo.

Kutoka taa za kioo hadi sufuria ya Lusaka

Vipokea sauti vilitangulia ampli. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, Mmarekani wa Utah, alikuwa akitengeneza vipokea sauti katika jiko la nyumbani kwake na kuviuzia jeshi la majini la Marekani. Redio za kwanza za watu wa kawaida hazikuwa na betri kabisa: kipande cha jiwe la galena, waya mrefu na vipokea sauti vilitosha, mradi kituo kiwe karibu.

Mwaka 1906 Lee de Forest alikuwa ametengeneza taa ya kioo yenye nyaya tatu ndani, ambayo baadaye ilitumika kukuza sauti. Taa hizo zilikuwa na njaa kubwa. Zilitaka umeme wa kupasha waya hadi uwake, na umeme mwingine wa volti nyingi wa kusukuma sauti. Mahali pasipokuwa na umeme wa ukutani, redio ya namna hiyo ilikuwa mzigo wa betri nzito na ghali.

Jibu moja muhimu lilitokea jirani yetu, upande wa pili wa mpaka wa Katanga. Lusaka, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini na leo ni Zambia, kulikuwa na kituo kilichotangaza kwa lugha za Kiafrika, lakini wasikilizaji wachache tu walikuwa na uwezo wa kununua redio. Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya serikali ya kikoloni, aliwasumbua watengenezaji wa Uingereza kwa miaka mpaka wakakubali kutengeneza redio ya bei nafuu. Ilitoka mwaka 1949. Kasha lake lilikuwa la sufuria ya aluminiamu, na ndiyo maana watu waliiita redio ya sufuria. Iliuzwa pauni 5, na betri yake, iliyouzwa peke yake, ilidumu karibu saa 300.

Mambo mawili katika redio ile yanastahili kukumbukwa. Kwanza, ilibuniwa kwa kuanzia kwa msikilizaji: ana pesa ngapi, hana umeme, mvua na wadudu watafanya nini kwenye kasha la mbao. Pili, hakuna aliyeona aibu kutumia sufuria. Chombo kilichokuwapo kilitosha.

Transista inaingia

Desemba 1947, katika maabara ya kampuni ya Bell huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain, waliofanya kazi chini ya William Shockley, waliona kipande kidogo cha germani kikikuza sauti bila kuwaka moto na bila kioo. Kiliitwa transista. Kazi yake ilikuwa ile ile ya taa ya kioo, ila kilitumia umeme kidogo mno.

Kifaa cha kwanza kuuzwa kikiwa na transista hakikuwa redio. Kilikuwa chombo cha kuwasaidia watu wenye masikio mazito, mwishoni mwa 1952. Kwa maneno mengine, transista ilianza biashara yake kama ampli ndogo ya sikio. Oktoba 1954 ikatoka redio ya mfukoni iitwayo Regency TR-1, yenye transista 4, kwa bei ya karibu dola 50. Mwaka uliofuata Sony ya Japani ikatoa TR-55. Redio za namna hii ndizo baadaye zilizofika sokoni kwetu na kubebwa mabegani njiani, na pamoja nazo zikaja betri kubwa za duara za R20. Kwa Kinyarwanda, ambacho familia nyingi za Masisi wanazungumza, betri za redio huitwa amabuye, yaani mawe.

Julai 1979 Sony ilianza kuuza Walkman, mashine ndogo ya kaseti isiyokuwa na spika, yenye betri 2 tu na ampli ya kusukuma vipokea sauti. Toleo lile la kwanza lilikuwa na matundu mawili ya vipokea sauti, ili watu wawili wasikilize pamoja. Baadaye tundu la pili liliachwa. Ulimwengu wa matajiri ulichagua kila mtu asikilize peke yake.

Kikopo cha peremende

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Chu Moy, mpenzi wa elektroniki, alieneza mchoro wa ampli ya mfukoni ambayo mtu yeyote mwenye chuma cha kulehemu angeweza kuitengeneza jioni moja. Ndani yake mna betri moja ya volti 9, chipu yenye vikuza sauti viwili, kimoja kwa sikio la kushoto na kingine kwa la kulia, rezista chache na kapasita chache. Watengenezaji wengi waliipanga ndani ya kikopo cha bati cha peremende. Kikopo kinatosha mfukoni, na bati lake linazuia mingurumo kutoka nje.

Uzuri wa mchoro huo ni hesabu yake nyepesi. Rezista mbili zinaamua sauti ikuzwe mara ngapi: ukigawanya kubwa kwa ndogo na kuongeza 1, umepata jibu. Kiloomu 10 kwa kiloomu 1 inatoa 10, ukiongeza 1 unapata mara 11. Rezista nyingine mbili zinazolingana zinaigawa betri katikati, ili sauti ipate nafasi ya kupanda na kushuka. Maelfu ya watu walijifunza elektroniki kwa kifaa hicho.

Bati la Bisie, tantali ya Rubaya

Kila ampli, ya sufuria au ya kikopo, imeshikwa pamoja kwa lehemu, na mwili wa lehemu ni bati. Bati linatoka katika kasiterite, jiwe zito ambalo Walikale inalijua vizuri.

Wabelgiji walichimba kasiterite Kivu na Maniema kwa miaka mingi. Mwaka 1976 makampuni ya enzi ile yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Oktoba 1985 soko la bati la dunia lilianguka kwa ghafla, kazi ya mashine ikafifia, na mashimo yakabaki mikononi mwa wachimbaji wadogo. Karibu mwaka 2002 kasiterite iligunduliwa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale. Maelfu ya watu wakaenda. Vijana walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni katika njia ya msitu, na ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo ili kupeleka mzigo Goma. Vikundi vyenye silaha, na wakati mwingine askari wa serikali, walitoza kodi shimoni na njiani.

Wakati huo huo, mbali sana na hapa, sheria ilibadilika. Lehemu ya zamani ilikuwa na bati kwa karibu asilimia 60, na iliyobaki ilikuwa risasi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulikataza risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kwa sababu ni sumu. Lehemu mpya ikawa bati kwa zaidi ya asilimia 95. Sheria ya kulinda afya za watu wa Ulaya iliongeza hamu ya dunia kwa jiwe la Bisie, bila aliyebeba gunia kuambiwa chochote.

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuyataka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka Kongo na nchi jirani. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Familia zilizoishi kwa shimo zilikosa ada ya shule. Bisie baadaye ikawa mgodi wa mashine wa kampuni ya Alphamin, ulioanza kutoa bati mwaka 2019. Machi 2025, vita vilipofika Walikale-centre, kampuni ilisimamisha kazi, na Aprili, baada ya M23 kuondoka mjini, ikaanza tena.

Masisi ina jiwe lake. Koltani ya Rubaya inatoa tantali, metali ambayo Msweden Anders Ekeberg aliitambua mwaka 1802. Tantali ina sifa moja inayotafutwa: kapasita yake inaweka umeme mwingi katika nafasi ndogo sana. Vifaa vilipozidi kuwa vidogo, kapasita za tantali zikapendwa. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda kwa kishindo, na wakulima wengi wakaacha majembe. Mwishoni mwa Aprili 2024 Rubaya ilichukuliwa na M23, na mwaka huo Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba Rubaya peke yake hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia.

Ampli ya fundi inaweza kufanya kazi bila tantali, kwa kapasita za kawaida za aluminiamu. Bila bati haiwezekani. Tone la lehemu katika redio ya kambini huenda lilianza safari yake Walikale, likayeyushwa Asia, likarudi Goma ndani ya boksi kwa bei ambayo mchimbaji hawezi kulipa.

Redio katika miaka ya kukimbia

Historia ya kusikiliza katika eneo hili imekwenda pamoja na historia ya kuhama. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda na wimbi la wakimbizi, Redio Agatashya ilianza kutangaza kutoka Bukavu, na baadaye ikaendeshwa na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ili kuwapa wakimbizi na wenyeji habari zisizochochea chuki. Ilinyamaza mwishoni mwa Oktoba 1996, vita vilipoingia mjini. Tarehe 25 Februari 2002 Redio Okapi ilianza, kazi ya Umoja wa Mataifa na shirika hilo hilo, na Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zake. Redio za jamii zikaongezeka katika teritwari zetu.

Mitambo ya kutangaza ilipata wafadhili. Upande wa msikilizaji ulipata kidogo. Redio ya kuzungusha kwa mkono, aliyoibuni Mwingereza Trevor Baylis na iliyotengenezwa Cape Town kuanzia katikati ya miaka ya 1990, ilisaidia wengine, lakini wengi waliendelea kununua betri. Na betri ni pesa ya chumvi, ya sabuni, ya unga. Mwanzoni mwa 2025, kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa na familia nyingi kurudi Masisi au kwenda kwingine, watu walibeba walichoweza. Redio nzito ni mzigo. Simu ndogo na kikopo cha mfukoni vinabebeka.

Ampli ya hapa ingekuwaje

Anayenakili mchoro wa ng'ambo bila kufikiri atakosea betri. Ile ya volti 9 ina umeme wa karibu milliampea-saa 500. Ampli ndogo ikitumia milliampea 15, na familia ikisikiliza saa 4 kwa siku, kila siku inakula 60. Betri inakwisha katika siku 8. Kwa kijana wa Chicago si neno. Kwa familia iliyohama ni hasara.

Kuna njia nyingine. Redio nyingi za bei ndogo na mashine za kaseti zina chipu iitwayo TDA2822M, yenye miguu 8. Ina vikuza sauti viwili, inakubali betri 2 za kawaida, yaani volti 3, na inaendelea kufanya kazi hata zikishuka hadi volti 1.8. Betri mbili za R20, hata zile za bei rahisi tukizihesabia milliampea-saa 4,000 tu, kwa matumizi yale yale zinafika siku 66. Zaidi ya miezi miwili. Kifaa hakitakuwa chembamba, lakini swali la Lusaka la mwaka 1949 litakuwa limejibiwa.

Faida ya pili ni tundu ambalo Walkman iliacha. Ekuteri za kawaida zina omu 32 kila upande. Nne zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 8, na chipu hiyo ilitengenezwa kusukuma hata spika za omu 4. Watu wanne wanaweza kusikia habari moja, kwa wakati mmoja, mtoto akiwa amelala. Kapasita ya kutoa sauti isiwe ndogo: mikrofaradi 470 kwa kila upande zinatosha kwa sauti ya mtangazaji, wakati 100 ingekata sauti nzito. Kwa kuwa chipu inakuza karibu mara 100, kitufe cha kupunguza sauti, cha kiloomu 10, lazima kikae mwanzoni, kabla ya chipu.

Tahadhari ni tatu. Betri ya simu iliyovimba isitumiwe kamwe. Inaweza kushika moto ndani ya hema. Lehemu ya zamani ina risasi, hivyo mafundi wanawe mikono kabla ya kula, na watoto wasiichezee. Masikio nayo yana kikomo: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za juma. Kama aliyevaa ekuteri hasikii mtu anayemwita kwa sauti ya kawaida karibu naye, apunguze. Mahali ambapo usalama unategemea kusikia mbio za watu au milio ya nje, sikio moja liachwe wazi.

Mafundi wa redio wa Masisi, Walikale, Sake na Goma wana ujuzi wa kazi hii tayari, kwa sababu wanabadilisha chipu za namna hii kila juma. Kinachokosekana mara nyingi ni wazo kwamba redio iliyokufa ina ampli hai ndani yake, na kwamba kijana wa kambini anaweza kufundishwa kuitoa. Koltani na kasiterite zinaondoka kwa gunia, na mchimbaji hajui zinakofika. Kijana aliyejifunza kulehemu, kupima na kuhesabu milliampea atauchukua ujuzi wake popote familia itakapohamia, na hakuna kizuizi cha barabarani kinachoweza kuutoza kodi.